Kesi ya Mtu na Kesi ya Mali: Somo kuhusu RICO na Utaifishaji Marekani



Kamati yetu ya elimu imeniomba niandike kidogo kuhusu jambo linalozungumzwa sana vijiweni siku hizi: hizi kesi za RICO tunazozisikia kwenye televisheni, na habari ya serikali kuchukua pesa na magari ya watu, wakati mwingine hata kabla mtu hajahukumiwa. Wengi wetu tunadhani haya ni mambo ya mafia wa New York na wanamuziki wa Atlanta, sisi wabeba boksi na wasoma vitabu hayatuhusu. Naomba mnivumilie hadi mwisho halafu mtaamua wenyewe.

Mimi nasomea uhandisi wa mitambo, si sheria. Somo hili haliwezi kukaa mahali pa wakili; litakusaidia tu kujua umuulize nini. Ila nimegundua kwamba sheria za Marekani zimeandikwa kama kitabu cha maelekezo ya mashine. Kuna kifaa hiki, kuna kile, na kimoja kikikosekana mashine haiwaki. Ukiisoma RICO kwa macho hayo inaeleweka.

RICO ni kitu gani

RICO ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1970, iliyotiwa sahihi na Rais Nixon mwezi Oktoba. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa mafia kweli. Waendesha mashtaka walikuwa na tatizo moja sugu: walikuwa wanamfunga mkusanya rushwa, wanamfunga muuaji, lakini bosi yuko kwake anakunywa kahawa. Sheria mpya ikawaruhusu kushtaki mtandao mzima kwa pamoja, badala ya tendo moja moja. Mtanzania ataelewa haraka nikisema inafanana na lile kosa la nyumbani la kuongoza genge la uhalifu, ambalo magazetini tunaliona limeongozana na utakatishaji fedha kwenye hati moja ya mashtaka.

Lakini sheria yenyewe haisemi kwamba lazima uwe mafia. Mei 2015 polisi wa Uswisi waliingia hotelini Zurich wakawatoa vitandani vigogo wa FIFA kwa ombi la Marekani, na kosa kuu kwenye hati lilikuwa kula njama chini ya RICO. Yaani mpira wa miguu! Mwaka huohuo, Aprili, walimu na wasimamizi wa shule 11 wa Atlanta walitiwa hatiani kwa kubadilisha majibu ya mitihani ya wanafunzi, nao walihukumiwa kwa RICO, ile ya jimbo la Georgia ya mwaka 1980. Majimbo mengi yana RICO zao, na hiyo ya Georgia ni pana kuliko ya shirikisho.

Sasa vifaa vya mashine. Kwa RICO ya shirikisho, upande wa mashtaka unatakiwa kuonyesha kwamba palikuwa na kundi au taasisi inayogusa biashara ya kati ya majimbo au nchi. Kwamba mshtakiwa alikuwa na uhusiano nayo. Na kwamba alishiriki kuiendesha kwa mfululizo wa makosa. Mfululizo maana yake angalau makosa mawili ndani ya miaka kumi, kutoka kwenye orodha ndefu iliyomo ndani ya sheria yenyewe. Orodha hiyo inaanza na mauaji, utekaji, rushwa na dawa za kulevya, kama unavyotegemea. Ukiendelea kushuka unakuta ulaghai kwa njia ya simu na intaneti, ulaghai wa benki, kutumia kadi za watu, kughushi pasipoti na viza, na kuendesha biashara ya kutuma fedha bila leseni.

Hebu isome tena hiyo sentensi ya mwisho. Yule kaka mwenye gari zuri anayekuomba "nikuazime akaunti yako siku mbili tu, kuna hela inaingia," au yule anayepokea dola za watu nyumbani kwake na kuzitoa shilingi Kariakoo bila karatasi yoyote, wote wawili wamesimama ndani ya orodha ya RICO, na wewe uliyeazima akaunti umesimama pembeni yao.

Adhabu ni hadi miaka 20 kwa kila kosa, na kifungo cha maisha ikiwa moja ya makosa ya msingi lina adhabu hiyo. Juu yake kuna kutaifishwa mali, na hapo hakimu hana hiari: ukipatikana na hatia, mali iliyotokana na uhalifu huo lazima iende.

Mahali wakili anapopigia

Wakili mzoefu wa RICO haanzi kwa kusema mteja wake ni mtu mwema mwenye kwenda kanisani. Anachukua spana anaanza kufungua nati moja moja.

Ya kwanza ni kundi. Katika kesi ya Boyle mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kundi halihitaji jina, mwenyekiti wala katiba. Linahitaji mambo matatu tu: lengo, uhusiano kati ya wahusika, na muda wa kutosha kulifuata lengo hilo. Ni kipimo cha chini, na kwa kweli uamuzi ule uliwapendelea waendesha mashtaka. Hata hivyo kuna nafasi ya kupigania. Watu watano wanaofahamiana, wanaokunywa chai baa moja na kila mmoja anafanya uhalifu wake kivyake, bado si kundi.

Ya pili ni mfululizo. Makosa mawili peke yake hayatoshi. Mwaka 1989, kesi ya kampuni ya H.J. dhidi ya kampuni ya simu ya Northwestern Bell, mahakama ilidai makosa yahusiane, tena yawe yameendelea kwa muda au yatishie kuendelea. Mtu aliyefanya ulaghai mara mbili wiki moja halafu akaacha ana hoja hapa.

Ya tatu ndiyo mimi naipenda zaidi, kwa sababu inahusu nani ameshika usukani. Mwaka 1993, katika kesi ya Reves, kampuni ya ukaguzi wa hesabu ilikuwa imepamba vitabu vya chama cha ushirika cha wakulima. Mahakama ikasema kutoa huduma kwa chama hakutoshi. Lazima uwe umeshiriki kwa namna fulani kukiendesha au kukisimamia. Mhasibu, dereva, fundi kompyuta, hao wote mawakili wao wanaikimbilia Reves. Lakini tahadhari: hata mtu wa chini anayetekeleza amri za wakubwa anaweza kuhesabiwa kuwa ameshiriki kuendesha.

Waendesha mashtaka nao si wajinga. Ili kuikwepa Reves, mara nyingi wanashtaki njama badala ya tendo. Tangu kesi ya Salinas ya mwaka 1997 inajulikana kwamba kwenye njama ya RICO si lazima wewe binafsi uwe umetenda makosa yale mawili; inatosha kwamba ulikubaliana na mpango ambao, ukikamilika, ungetimiza kosa. Kwa hiyo vita yote inahamia kwenye neno moja: ulikubali, au hukukubali?

Hapo ndipo aliponea Manuel Burga, aliyekuwa rais wa shirikisho la soka la Peru. Katika kesi ya FIFA iliyosikilizwa Brooklyn alishtakiwa kosa moja tu, kula njama ya RICO. Mashahidi walieleza rushwa za haki za televisheni, mamilioni kwa mamilioni. Desemba 26, 2017 juri, yaani wale raia 12 wanaoamua kesi, wakamwachia huru.

Sean Combs, ambaye wengi tulikua tukimwita Puff Daddy, naye aliachiwa kosa la njama ya RICO Julai 2, 2025. Upande wa mashtaka ulitaka juri iamini kwamba wafanyakazi wake na kampuni zake walikuwa genge; utetezi ukasema yale yalikuwa maisha yake binafsi ya chumbani, machafu au si machafu. Juri haikukubali genge. Ila msishangilie sana: hatia ya makosa mengine madogo ilibaki, na Oktoba 2025 alipewa miezi 50. RICO inaweza kuanguka na mtu akaenda jela vilevile.

Na kuna gharama ya kusubiri. Katika kesi ya YSL kule Atlanta watu 28 walishtakiwa Mei 2022. Mashairi yao ya rap yalisomwa mahakamani kama ushahidi, jambo ambalo kwa mtu aliyekulia Bongo Fleva linachekesha na kutisha kwa wakati mmoja. Wengi walikiri kwa makubaliano, Young Thug mwenyewe akakiri Oktoba 31, 2024. Wawili waliogoma hadi mwisho waliachiwa makosa ya RICO na mauaji Desemba mwaka huo, mmoja wao akabaki na kosa la kumiliki silaha. Walikuwa wamekaa rumande zaidi ya miaka miwili.

Ndiyo maana ombi la kutenganisha kesi ni silaha kubwa kwa mshtakiwa mdogo. Ukikaa benchi moja na watu tisa, juri ikasikiliza miezi minne ya ushahidi wa mauaji ambayo hukuyajua, mwisho wa siku uso wako nao unaonekana wa muuaji. Silaha nyingine ni kuomba ushahidi uliopatikana kwa upekuzi haramu uondolewe, na kuangalia tarehe, kwani kwa kawaida serikali ya shirikisho ina miaka mitano ya kufungua mashtaka ya RICO.

Sisi wenye viza

Hapa nawaomba msome polepole. Kwa raia wa Marekani kukiri kosa dogo ili kumaliza kesi ni hesabu ya miezi tu. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi, hata mwenye kadi ya kijani, hesabu ni nyingine kabisa. Sheria ya uhamiaji inalihesabu kosa la RICO linaloweza kubeba kifungo cha mwaka mmoja au zaidi kuwa kosa zito la kundi la juu. Haijalishi umefungwa siku ngapi. Mtu anafukuzwa nchini, na milango karibu yote ya kuomba kubaki inafungwa.

Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu ilisema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kwamba kukiri kwake kunaweza kumfukuzisha. Basi mkumbushe wakili wako siku ya kwanza kabisa: mimi si raia. Mpe karatasi zako zote za viza. Kama hajui uhamiaji, atafute anayejua kabla hujatia sahihi kitu chochote.

Mali inaposhtakiwa na mwenyewe

Sasa tuje kwenye mali, na hapa pana njia mbili ambazo watu huzichanganya sana.

Njia ya kwanza inafuata kesi ya jinai. Mtu ameshtakiwa, na hati ya mashtaka inataja mali ambayo serikali inaitaka. Katika FIFA, José Hawilla, mfanyabiashara wa Brazil, alikubali kutoa zaidi ya dola milioni 151, akalipa milioni 25 siku ya kukiri. Jeffrey Webb, aliyekuwa rais wa CONCACAF, alikubali kutoa zaidi ya milioni 6.7. Pesa hizo hazikupotea hewani: mwaka 2021 Wizara ya Sheria ilitangaza kurudisha zaidi ya dola milioni 201 kwa FIFA na mashirikisho mawili yaliyoibiwa.

Kinachouma ni kwamba mali inaweza kuzuiwa kabla ya hukumu. Akaunti imefungwa, nyumba haiuziki, na wakili anataka malipo ya awali. Utamlipa nini? Mahakama imejibu kwa kugawanya pesa katika mafungu mawili. Pesa inayosemekana imetokana na kosa huna haki ya kumlipia wakili, ndivyo ilivyoamuliwa mwaka 1989 katika kesi ya Caplin & Drysdale. Na mwaka 2014, kesi ya Kaley, ikaamuliwa kwamba juri kuu ikishaona kuna sababu ya kukushtaki, huwezi kuipinga sababu hiyo upya ili tu kufungua akaunti. Lakini mwaka 2016, kesi ya Luis, mahakama ikasema pesa safi isiyohusiana na kosa haiwezi kuzuiwa kama unaihitaji kumlipa wakili uliyemchagua. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya utetezi wa mali ni ya uhasibu: kuonyesha kwa karatasi ipi ni mshahara, ipi ni mkopo wa masomo, ipi ilitoka kwa baba Moshi. Mtu asiyetunza karatasi pesa zake zote zinaonekana rangi moja.

Kuna kesi ya ndugu wawili wa Tennessee naipenda kuitaja. Mmoja alikuwa na duka la vifaa, mwingine, Terry Honeycutt, aliajiriwa humo. Waliuza kemikali iliyotumika kutengeneza dawa za kulevya. Serikali ikataka Terry alipe karibu dola 70,000 za faida ambayo ilikuwa ya kaka yake mwenye duka. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilikataa: taifisha kwa mtu kile alichopata yeye. Kesi ile ilihusu sheria ya dawa za kulevya, lakini mawakili wa RICO nao huisimamisha mbele ya hakimu, na wanaoitegemea ni wale washtakiwa wadogo wanaotakiwa kulipa deni la genge zima.

Na wasio washtakiwa? Mke ambaye jina lake liko kwenye hati ya nyumba, rafiki aliyeazima gari lake. Hawaruhusiwi kuingia katikati ya kesi ya jinai. Wanasubiri amri ya awali ya utaifishaji, kisha wana siku 30 tu kupeleka ombi kwamba haki yao ilikuwepo kabla ya kosa, au kwamba walinunua kwa bei halali bila kuwa na sababu ya kushuku. Siku 30, na baada ya hapo kimya.

Njia ya pili haihitaji mshtakiwa kabisa. Ni kesi ya madai ambayo serikali inaishtaki mali yenyewe, na ndiyo maana utakuta kesi zenye majina ya ajabu, Marekani dhidi ya kiasi fulani cha dola, au dhidi ya gari la aina fulani. Wakenya hawatashangaa, sheria yao ya mwaka 2009 dhidi ya utakatishaji inaruhusu mamlaka ya urejeshaji mali kuifuata mali bila mwenyewe kuhukumiwa. Hapa serikali haihitaji kuthibitisha bila kuacha shaka. Inatosha uzito wa ushahidi uelemee upande wake hata kidogo. Wakili wa serikali hupewi, isipokuwa nyumba unayoishi ndiyo inayodaiwa nawe huna uwezo. Na kwa mpango wa kugawana wa shirikisho, polisi wa mtaa waliokamata pesa wanaweza kurudishiwa hadi asilimia 80 yake. Mimi ni mhandisi. Nikiona mashine ambayo anayeibonyeza ndiye anayelipwa, najua itabonyezwa sana.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1996 mama mmoja wa Michigan, Tina Bennis, alipoteza gari walilomiliki pamoja na mumewe kwa sababu mume alikamatwa ndani yake na kahaba. Hakujua lolote, na bado mahakama ikasema gari linaenda. Mwaka 2000 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya mageuzi, CAFRA, ambayo kwa kesi za shirikisho inampa kinga mwenye mali asiye na hatia. Ila ni yeye anayebeba mzigo wa kuonyesha kwamba hakujua, au alipojua alifanya kila lililowezekana kuzuia. Majimbo kadhaa yamekwenda mbele zaidi. New Mexico iliufuta utaifishaji bila hukumu mwaka 2015, Nebraska 2016, Maine 2021.

Saa inavyohesabu

Chini ya CAFRA, serikali ikikamata mali ina siku 60 kukutumia taarifa, au 90 ikiwa polisi wa jimbo ndio waliokamata na kuikabidhi. Barua itataja siku ya mwisho ya kudai, nayo haiwezi kuwa chini ya siku 35 tangu ilipotumwa. Kumbuka, tangu ilipotumwa, si tangu ulipoifungua. Ukipeleka dai, serikali ina siku 90 kufungua kesi mahakamani au kurudisha mali. Usipopeleka, hakuna hakimu atakayeiona kesi yako. Mali inataifishwa ofisini, na karani mmoja anaweka muhuri.

Barua hiyo pia inakupa chaguo jingine linaloonekana la upole: kuomba ofisi iliyokamata ikuhurumie. Watu wetu hulipenda kwa sababu limeandikwa kwa lugha ya heshima na halihitaji mahakama. Jueni kwamba anayeamua ombi hilo ni ofisi ileile iliyochukua pesa. Dai ndilo linaloilazimisha serikali kwenda mbele ya hakimu, halilipiwi dhamana, na ukishinda kesi serikali inalipa gharama za wakili wako zilizo za haki.

Kwa nini basi mtu asikimbilie kudai tu? Kwa sababu dai ni kiapo. Kama nyuma yake kuna uchunguzi wa jinai, RICO au nyingine, kila sentensi uliyoandika kueleza pesa ilitoka wapi inaweza kusomwa mbele ya juri. Na ukinyamaza kwa kutumia haki yako ya kutojishtaki, katika kesi ya madai hakimu anaruhusiwa kuutafsiri ukimya huo vibaya. Hili ndilo jambo nililotaka hasa kulifikisha kwenu. Mtu na mali yake wana kesi mbili zenye sheria tofauti na saa tofauti, na neno linaloiokoa moja linaweza kuiua nyingine. Sheria inatoa mlango: mwenye dai anaweza kuomba kesi ya mali isimamishwe hadi ile ya jinai iishe. Lakini ni lazima wakili mmoja azione zote mbili tangu mwanzo. Anayempa binamu kesi ya pesa na wakili kesi ya jinai anajitafutia matatizo.

Kuna mwenzetu mmoja, jina naliweka kando, aliyechukuliwa dola za upatu uwanja wa ndege akizipeleka kwa mama yake mgonjwa. Ndege ilikuwa inaondoka. Aliletewa karatasi, akaambiwa akitia sahihi ataruhusiwa kupanda. Akatia. Karatasi ile ilisema anaiacha haki yake juu ya pesa hizo. Mama alimwona mtoto, hela ya hospitali hakuiona. Afisa akikupa karatasi ya kuacha haki huna wajibu wa kuitia sahihi. Dai risiti ya kilichochukuliwa, taja jina lako, nyamaza, panda ndege.

Dola elfu kumi

Hakuna sheria inayokukataza kutoka Marekani na pesa nyingi. Inakutaka utangaze tu, kwa fomu namba 105, kama unazo zaidi ya dola 10,000, na hesabu inajumlisha fedha za nchi nyingine na hundi za wasafiri. Hakuna kodi kwenye fomu hiyo. Kuwagawia wenzako wa safari ili kila mmoja awe chini ya kiwango ni kosa. Kupeleka benki 9,500 leo na 9,500 kesho ili benki isitoe taarifa ni kosa pia, hata kama pesa yenyewe ni ya jasho lako. Tangu Januari 2026, kodi ya asilimia moja kwa pesa inayotumwa nje kwa noti taslimu imewafanya wengine waone bora wabebe mkobani. Beba, lakini tangaza.

Hosep Bajakajian hakutangaza. Mwaka 1994 alikuwa Los Angeles na familia yake wakielekea Kupro, akiwa na dola 357,144 za halali alizokwenda kulipia deni. Mbwa wa kunusa pesa wakazikuta kwenye mizigo. Alikulia Syria, Mwarmenia katika nchi ambayo kabila lake lilikuwa wachache, na mahakama ilielezwa kwamba woga wa serikali alioubeba kutoka kule ndio uliomfanya aseme uongo. Sijui kama kuna msomaji wa Afrika Mashariki asiyeujua woga huo wa mbele ya dirisha la forodha. Serikali ilizitaka zote. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 kwa 4, ikasema kuchukua zote kwa kosa la kutotangaza ni adhabu iliyopitiliza, kinyume cha Marekebisho ya Nane ya Katiba. Mwaka 2019 kinga hiyo ikathibitishwa kuwabana na majimbo pia, katika kesi ya Tyson Timbs wa Indiana na Land Rover yake. Lakini mwaka 2001 Bunge lilishatunga kosa jipya na zito zaidi la kuficha fedha mwilini au mizigoni, kwa hiyo asije mtu akasafiri leo kwa kutegemea bahati ya Bajakajian.

Msitegemee pia kusikilizwa haraka. Mei 2024, kesi ya Culley, Mahakama ya Juu ilisema mwenye gari lililokamatwa ana haki ya kesi kwa wakati unaofaa, lakini hana haki ya kusikilizwa mapema ili tu aulizwe kama gari likae kwao au kwake wakati anasubiri. Unafuu mmoja ulitokea Novemba 2024, pale Wizara ya Sheria ilipoiamuru idara ya kupambana na dawa za kulevya isimamishe mtindo wa kuwafuata abiria na kuwaomba wafungue mabegi "kwa hiari".

Kwa upatu wetu, na vyama vya Wakenya vilevile, mweka hazina awe na daftari lenye majina, tarehe na kiasi, na kila anayepokea fungu apewe barua iliyosainiwa na wanachama wawili. Akikamatwa nalo, barua hiyo ina uzito kuliko maelezo ya mdomo ya saa mbili.

Mwisho ni hii habari ya anwani. Taarifa ya utaifishaji hutumwa kwenye anwani uliyoitoa siku pesa ilipokamatwa, na sisi wanafunzi tunahama kila muhula. Ukiwa umechukuliwa kitu kisha ukahama bweni, iandikie ofisi iliyokamata kwa barua ya rejesta, taja namba iliyo kwenye risiti yako, wape anwani mpya, na nakala ibaki kwako.